Tenda imepotea, mlinzi anapewa barua ya "naacha kazi kwa hiari": usisaini kabla hujasoma hapa

#1 Geti B (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, kaeni mkao wa kusoma.

Mimi ni mlinzi. Nina miaka sita na miezi minne kwenye kampuni moja, lindo moja, geti la ofisi moja kubwa hapa Dar. Kampuni siitaji, wenye ofisi pia siwataji, maana shauri bado bichi.

Tarehe 9 mwezi uliopita, saa kumi na mbili jioni, tukiwa tunakabidhiana zamu, supavaiza akaja na bahasha ya kaki. Siku hiyo hakukagua buti wala kitabu cha matukio. Akatuambia tenda imechukuliwa na kampuni nyingine, inaingia tarehe 12 asubuhi, na kwamba ameshatuombea huko tubaki palepale getini. "Ila wenzetu hawachukui mtu mwenye mwajiri. Sainini hapa, msilaze damu."

Ndani ya bahasha kulikuwa na barua zilizochapwa tayari, zimeachwa nafasi ya jina na sahihi. Zinasema: mimi fulani naacha kazi kwa hiari yangu kuanzia tarehe 11, na sina dai lolote kwa kampuni. Mkononi utapewa mshahara wa siku 11 za mwezi huo.

Tulikuwa walinzi 14. Tisa walisaini palepale, wakitumia migongo ya wenzao kama meza. Zamu ilipofika kwangu nikasema miwani nimeiacha nyumbani. Miwani ilikuwa mfukoni. Kuna kitu tu kilinikaa vibaya kwenye lile neno "hiari".

Usiku ule lindoni nikakaa na simu na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ile Na. 6 ya mwaka 2004. Nilichoelewa kwa akili yangu ya kidato cha nne ni hiki: aliyepoteza tenda ni kampuni, mimi sijapoteza ajira mpaka kampuni yenyewe iniachishe. Na ikiniachisha kwa sababu kazi zimepungua, hilo lina jina lake (kupunguzwa kazi), lina utaratibu wake kwenye kifungu cha 38, na lina malipo yake. Nikiandika kwamba nimeacha mwenyewe, utaratibu wote unakufa na malipo karibu yote yanakufa nao.

Hesabu yangu ni hii, na mshahara wangu wa msingi ni 260,000. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, siku moja ni kama 10,000.

Kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mimi ni sita, hivyo 420,000. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, wasipoitoa wanailipa, nimeiweka 260,000. Likizo ya mwaka huu sijaenda, 260,000 nyingine. Siku 11 nilizofanya kazi, 110,000. Jumla 1,050,000.

Wao wanataka nisaini nichukue 110,000 na "asante kwa ushirikiano".

Swali langu kwa wanaojua: niko sahihi? Na je, nikigoma kusaini, ile kampuni mpya ikininyima kazi nifanyeje? Watoto wanasoma.

#2 Mzee wa Doria

Geti B, umenichoma moyo kijana wangu. Mimi barua hiyo nimeisaini mara tatu. Nipo lindo moja, si hilo lako, mwaka wa kumi na moja, nimevaa sare za kampuni tatu kabla ya hii ya sasa. Rangi ya sare inabadilika, kirungu kinabadilika, kiti ni kilekile mpaka nimekishona mwenyewe kwa kamba.

Kiinua mgongo sijawahi kukiona. Kila kampuni inaniambia mimi ni mgeni. Wenye jengo wananiita mzee wetu.

#3 Sina Mbavu

Mkuu hongera kwa kujua sheria ila rudi duniani. Utaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), utaambiwa njoo kesho, mwaka utaisha, na kampuni itakuwa imeshafungwa na kufunguliwa kwa jina la shemeji. Chukua laki yako, saini, vaa sare mpya. Kazi zenyewe ziko wapi?

#4 Mwenye Kampuni Ndogo

Naomba na mimi niseme kabla sijapigwa mawe. Nina kampuni ya ulinzi, ndogo. Ukipoteza tenda ya walinzi 14 kwa taarifa fupi, mwenye jengo bado anadaiwa ankara mbili, wewe huna lindo lingine la kuwapeleka watu 14, na benki wanataka marejesho ya gari la doria. Unatoa wapi milioni kumi na kitu kwa siku mbili?

Na kuna jambo hamlisemi. Tenda inapotangazwa, mshindi ni mwenye bei ya chini. Nikiingiza kiinua mgongo kwenye bei yangu, anayefuata haingizi, na yeye ndiye anapewa kazi. Huo ndio ukweli wa biashara hii. Barua ile haikutungwa na shetani, ilitungwa na hesabu zisizofungana.

#5 Geti B

@Mwenye Kampuni Ndogo nashukuru kwa kusema wazi. Ila hebu tufanye hesabu pamoja. Kiinua mgongo changu ni 70,000 kwa mwaka. Gawa kwa 12, ni kama 5,800 kwa mwezi kwa mlinzi mmoja. Hiyo ndiyo inayokunyima tenda? Mwenye jengo anatumia zaidi ya hapo kwa maji ya kunywa ya wageni.

Kama ungekuwa unaiweka pembeni tangu mwaka wa kwanza, leo bahasha ya kaki isingekuwepo.

#6 Mwenye Kampuni Ndogo

5,800 mara walinzi 14 mara tenda zote. Ila sawa, hapo umenishika. Sikuwahi kuigawa kwa mwezi, huwa naiona yote kwa pamoja siku ya mwisho.

#7 Wakili wa Kijiweni

Nimefika. Geti B, kwa kidato cha nne umesoma vizuri kuliko maafisa utumishi ninaokutana nao. Nakurekebisha mawili matatu.

Namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria ilivyopitishwa 2004. Imekuwa ikiguswa na marekebisho na matoleo mapya, kwa hiyo ukienda kudai chukua toleo la sasa uangalie namba kama imesogea. Msingi wa hoja ni huohuo.

Kwanza, kupoteza tenda KUNAWEZA kuwa sababu halali ya kupunguza watu. Usiende pale ukasema hawakuwa na sababu, utachekwa. Sababu wanayo, ya kiuchumi: kazi imeondoka. Udhaifu wao uko kwenye utaratibu. Kifungu cha 38 kinataka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha akae na wafanyakazi, au na chama chao kama kinatambuliwa pale kazini, washauriane: sababu ni nini, kuna njia gani ya kuepuka au kupunguza idadi, nani atachaguliwa na kwa kigezo gani, lini, na malipo ni yapi. Msipokubaliana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi KABLA ya kuachisha. Na si kwamba kampuni ilijua tarehe 9 tu kuwa tenda inaisha tarehe 11, ilijua mapema. Ilishiriki kuomba upya, ikashindwa, ikapata barua. Muulizeni ile barua ina tarehe gani. Hilo peke yake ni ushahidi.

Na ushauriano si mkutano wa dakika tano getini. Swali la msingi pale ni hili: mna malindo mengine? Kuna mlinzi aliyeajiriwa mwezi jana kwenye lindo jingine wakati mimi wa miaka sita naondolewa? Kama kampuni ina malindo 20 na imepoteza moja, kwa nini wa kuondoka wawe tu waliokuwa wamesimama kwenye geti lililopotea?

Pili, na hapa ndipo wengi wanajikwaa. Sheria inasema kiinua mgongo hakilipwi kwa aliyepunguzwa kazi kisha akakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa na mwajiri huyo AU mwajiri mwingine. Kwa hiyo ushujaa wa kusema "siwataki hata hao wapya" unaweza kukugharimu. Kampuni mpya ikikupa kazi inayofanana na hii, chukua. Kuchukua kazi kwa mpya hakufuti deni la wa zamani. Hivi ni vitu viwili tofauti, na supavaiza wako amevifunga kamba moja kwa makusudi.

Kampuni mpya inataka uthibitisho kwamba umeachana na ile ya zamani? Haki yao. Uthibitisho huo ni barua ya KUACHISHWA kutoka kwa mwajiri, au cheti cha utumishi, ambacho sheria inamlazimisha mwajiri akupe ajira ikikoma. Barua ya kuacha kazi si lazima.

Tatu, siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama mshahara au likizo, siku 60. Unajaza Fomu Namba 1, unampa mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Hulipii. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima ueleze sababu, na "nilikuwa nasubiri waniite" huwa haitembei mbali.

Nne, angalia ulikoajiriwa. Kama walikuajiri mkoani wakakuleta Dar, kifungu cha 43 kinawataka wakurudishe na mizigo yako au walipe nauli, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Watu wanaisahau hii kila siku.

#8 Geti B

Wakili, nimeajiriwa Singida! Walikuja na gari wakatuchukua tisa. Mkataba sina, walituambia uko makao makuu.

#9 Wakili wa Kijiweni

Kutokuwa na karatasi mkononi si msiba. Kutunza maelezo ya ajira kwa maandishi ni kazi ya mwajiri. Kwenye shauri akishindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha anachodai unamwangukia yeye. Wewe kusanya slipu za mshahara, taarifa ya benki, kitambulisho, picha ya kitabu cha matukio yenye jina lako na tarehe za zamani. Na chukua taarifa ya michango yako NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya 10. Ukiona walikukata wakasahau kupeleka, hilo ni shauri jingine, lipeleke NSSF kwenyewe.

#10 Dada Fagio

Mimi ni wa usafi, si ulinzi, ila mambo ni yaleyale. Mkataba wangu umeandikwa: "Mkataba huu utakoma siku ambayo mkataba kati ya kampuni na mteja utakapokoma." Nilisaini nikiwa na njaa. Hapo nina haki gani? Na kuna wenzangu mkataba wao ni mwaka mmojammoja, ukiisha unasainishwa mwingine, huu wa tano sasa.

#11 Wakili wa Kijiweni

Dada, maswali mawili hayo, tusiyachanganye.

La wenzako ni rahisi kidogo. Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake, kwa kawaida unakoma wenyewe, na aliyemaliza muda halipwi kiinua mgongo. Lakini kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema kama mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezwa, kutokuongeza kunaweza kuhesabiwa kuachishwa isivyo halali. Mikataba mitano mfululizo, kazi ileile, jengo lilelile, na labda mtu aliwaambia "msijali, tutasaini tena": hayo ndiyo matarajio. Aliyekatwa KABLA ya tarehe ya mwisho bila sababu halali huyo anaweza kudai mishahara ya miezi iliyobaki. Kuna jingine. Sheria ilivyopitishwa 2004 iliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi. Mfagiaji si kada ya uongozi, ingawa baadhi ya mabosi wakimkosa siku mbili ndipo wanajua nani alikuwa anaongoza. Tazama toleo la sasa linasemaje.

La kwako ni gumu. Kwa maoni yangu, kipengele hicho hakiwezi kumbeba mwajiri peke yake. Sheria inataka sababu halali na utaratibu wa haki, na huwezi kumsainisha mtu karatasi ya kuacha kinga ya sheria halafu ukaiita makubaliano. Ila jiandae, watasema wewe uliajiriwa kwa kazi maalumu na kazi hiyo imekwisha. Jibu lako: kazi haijaisha. Sakafu bado ipo, inafagiliwa leo asubuhi na mtu mwingine. Kilichoisha ni biashara kati yao wawili.

#12 Jirani wa Namanga

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kwetu ni Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40. Mwajiri hana budi kumpa notisi ya mwezi mmoja mfanyakazi, au chama chake kama ni mwanachama, na pia afisa wa kazi. Kisha achague wa kwenda kwa kuangalia ukongwe, ujuzi, uwezo na uaminifu. Malipo ya kupunguzwa kazi si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Hizo saba zenu zimenishangaza.

Lakini ile barua ya bahasha tunaijua vizuri. Haina pasipoti ila inavuka mpaka.

#13 Mbeba Mabox

Niko Uingereza, nafanya usafi wa maofisi usiku. Huku tangu kanuni za mwaka 2006, kazi ya huduma ikihama kutoka kandarasi mmoja kwenda mwingine, kwa kawaida wafanyakazi waliopangwa kwenye kazi hiyo wanahama nayo. Mwajiri mpya anakuchukua na miaka yako na mshahara wako uleule. Mimi nimeshabadilisha waajiri wawili bila kuandika barua yoyote. Niliona tu jina limebadilika kwenye slipu.

Haikuwa hivyo siku zote Ulaya. Mwaka 1997 Mahakama ya Ulaya, kwenye kesi ya Süzen, mama aliyekuwa akisafisha shule Ujerumani, ilisema kandarasi kupoteza mkataba kwa mshindani wake peke yake si "uhamisho" wa biashara. Kwa hiyo Waingereza waliongeza ulinzi wao wenyewe juu ya ule wa Ulaya.

#14 Geti B

Ndugu yangu wa mabox, hicho ndicho kitu. Hapa kwetu sijaona kifungu kinachomwambia mgeni "wachukue na miaka yao". Ukiingia kwa mpya unaanza sifuri. Na sifuri yenyewe ni ya kweli: chini ya miezi sita huna kinga ile ya kuachishwa isivyo halali, likizo ya malipo nayo bado, kiinua mgongo mpaka utimize mwaka. Mzee wa Doria ana miaka kumi na moja getini na kwenye karatasi ana miezi mitano.

Ndiyo maana ya zamani lazima ilipwe na wa zamani. Usipoidai kwake, hakuna mwingine wa kuilipa.

#15 Kalamu Nyepesi

Mimi ni mmoja wa wale tisa. Nilisaini kwa mgongo wa Geti B mwenyewe, anaweza kuwaambia. Nipo kampuni mpya. Je, nimekwisha?

#16 Wakili wa Kijiweni

Hujaisha, umejiwekea mlima. Kujiuzulu kwa kulazimishwa kunaweza kuhesabiwa kuachishwa, lakini sasa ni wewe wa kuonyesha kwamba ulilazimishwa. Una nini mkononi? Barua tisa zenye maneno yaleyale, chapa ileile, tarehe moja, hata kosa la tahajia likiwa moja. Watu tisa hawaamki siku moja wakaacha kazi kwa hiari kwa sentensi moja. Pateni nakala. Na hesabuni siku 30, msikae kujadiliana mpaka zipite.

Pia likizo na siku zako za kazi hata aliyejiuzulu analipwa. Hilo neno "sina dai lolote" lisikutishe kwa kitu ambacho tayari umekifanyia kazi.

#17 Sina Mbavu

Na wale wanaoambiwa "kaa nyumbani tutakuita likipatikana lindo"? Shemeji yangu huu mwezi wa tatu anasubiri simu.

#18 Wakili wa Kijiweni

Huyo ndiye mgonjwa mahututi kuliko wote, kwa sababu hajui siku zake zinahesabiwa kuanzia lini. Aandike barua leo: nipo tayari kwa kazi, naomba kupangiwa lindo au kupewa hatima yangu. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa mapokezi. Wakikataa kugonga muhuri, aitume kwa njia inayoacha alama, hata ujumbe wa simu kwa afisa utumishi. Wakijibu kwa maandishi kwamba hawana kazi, amepata tarehe. Wasipojibu, asisubiri mwezi wa nne, aende Tume wiki hii akaeleze. Akikaa kimya, watasema alitoroka kazini.

#19 Geti B (mrejesho)

Wakuu, wiki ya saba hii. Niliahidi mrejesho kwa wale walionifuata inbox.

Kati ya watano tuliokataa kusaini, wawili walipata lindo jingine kampuni ileile baada ya sisi kuandika barua ya pamoja kuuliza kuhusu malindo yaliyopo. Kumbe yalikuwepo. Watatu tulipewa barua za kuachishwa, zina sentensi mbili tu, nikazipenda kuliko barua yoyote niliyowahi kupata maishani. Nikaipeleka kampuni mpya. Yule dada wa mapokezi akaitazama, akaweka kwenye faili, akanipa vipimo vya sare. Hakuuliza neno. Lile sharti la "lazima ujiuzulu" hakulijua.

Tukajaza fomu siku ya 19. Kwenye usuluhishi afisa utumishi akaja na faili langu. Mkataba ulikuwemo, na fomu ya likizo pia: siku 14 za mwaka huu. Nikaangalia, sahihi ni yangu. Nilikwenda kuzika, nilikuwa nimesahau kabisa. Nikakubali palepale, ikatoka 130,000. Msuluhishi akanitazama vizuri tangu hapo. Barua ya mwenye jengo ya kuwaambia wameshindwa tenda ilikuwa na tarehe ya wiki tano kabla ya bahasha ya kaki. Wakili, ulilenga.

Tumemaliza kwa 920,000, mara mbili, 460,000 ya kwanza imeingia. Tumesaini makubaliano mbele ya msuluhishi, wakivunja tunakwenda kukazia, yaani walazimishwe kulipa. Nauli ya Singida niliiachia kwa kuwa sirudi, niko geti lilelile.

#20 Wakili wa Kijiweni

Nimefurahi, lakini umejiuza rahisi. Ungekomaa kwenye utaratibu wa kifungu cha 38 ungedai fidia ya kuachishwa isivyo halali juu ya hizo.

#21 Geti B

Najua. Msuluhishi alinieleza. Ila ada ya shule ilikuwa Jumatatu, na uamuzi ungechukua miezi. Mwingine akiweza kusubiri, asubiri.

Kalamu Nyepesi na wenzake wanne wamefungua lao siku ya 28. Barua zote tano zimeandikwa "kuaca kazi". Hiyo c moja bila h inaweza kuwasaidia.

@Mzee wa Doria, ukipata nafasi nipigie, tuangalie hiyo kampuni ya mwisho iliyokusainisha, siku zako zimeshapita, labda tuombe kuongezewa muda.

Na jana kampuni mpya imetuletea mikataba tusaini getini, kurasa nne, supavaiza amesimama na kalamu. Kipengele cha 4 kinasema mkataba utakoma siku mteja atakapositisha huduma. Nimemwambia miwani nimeiacha nyumbani. Wakili, nimekipiga picha, nakitumaje?